Nywele za singa zilizolala: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mwenye nywele za singa hana wa kumlilia. Ukisema zinakusumbua unajibiwa, "We nawe, nywele zinateleza hivyo, unataka nini tena?" Anayesema hivyo hajakuona saa nne asubuhi, umetoka kuosha alfajiri, utosi ushalala kama uliopigwa pasi na ngozi ya kichwa inachungulia kwenye njia. Mimi ni wa Unguja, nywele hizi nimezirithi kwa bibi mzaa baba, na kwa miaka mingi nimebeba nyumbani kila kopo ambalo muuza duka aliniapia kuwa "hili linajaza". Mpangilio huu umetoka kwenye pesa zilizokwisha potea.

Kabla hujafungua pochi, jua tatizo lako ni lipi. Nywele nyembamba si sawa na nywele chache. Chomoa unywele mmoja, uweke karibu na uzi wa cherehani, kisha usugue kwa vidole viwili. Ukiwa huuhisi kabisa, basi wako ni mwembamba, na unaweza kuwa nazo nyingi tu kichwani. Lakini kama zinang'oka na kujaa kwenye kitana, hilo ni jambo jingine. Huwapata sana waliojifungua, kiasi cha mwezi wa tatu hivi baada ya kujifungua, na mara nyingi nywele hurudi zenyewe. Hakuna kopo hapa chini linalotibu hilo.

Singa nyembamba hulala kwa sababu mafuta ya kichwa huteremka upesi kwenye unywele ulionyooka, na unywele wenyewe hauna nguvu ya kubeba chochote. Kuna jambo moja lakini linalotusaidia: unywele ukilowa hulegea, na ukikauka hushika umbo lile ulilokaukia. Ukikauka umelala, umelala siku nzima. Kwa hiyo vitu vya kulipia ni vile vinavyoshika shina juu wakati nywele zinakauka. Vinavyopakwa nchani viache.

Namba moja: rola kubwa za kujinasa

Zile zenye vijinyoya vinavyong'ang'ania nywele bila pini. Ni rahisi kuliko karibu kila kitu kwenye orodha hii, na hazina kinachozishinda. Chagua za kipenyo cha sentimita 4 hadi 6. Usidanganyike na pakiti yenye rola za kila saizi, kwani vile vidogo vinatoa mawimbi, na wewe unatafuta kimo. Tatu tu zinatosha, zipangwe kwenye utosi kutoka kipaji cha uso kurudi nyuma.

Kazi yenyewe iko hivi. Acha nywele zikauke mpaka zibaki na unyevu kidogo sana. Shika fungu la upana wa rola, livute juu na mbele kidogo kama unaloelekeza puani, kisha kunja mpaka rola ikalie ngozi ya kichwa. Piga hewa ya moto dakika mbili tatu, halafu nenda kapike chai. Wengi wetu tunaharibu hapa: tunatoa rola ingali na joto, na kimo kinashuka kabla hujafika mlangoni. Ngoja mpaka ukiigusa iwe baridi kabisa. Na wakati wa kutoa, kunjua, usivute. Unywele mwembamba ukinaswa hukatika kimya kimya.

Ukiwa dukani, pitisha kiganja juu ya vijinyoya. Vikipukutika mkononi, rudisha pakiti.

Namba mbili: povu la nywele la kopo (mousse)

Povu hupaka kila unywele utando mwembamba unaoushikiza kwa mwenzake, ndiyo maana nywele huonekana zimejaa. Bonge la ukubwa wa ndimu linatosha nywele za mabegani. Litie kwenye mashina nywele zikiwa mbichi, kisha zikikaribia kukauka weka rola.

Shida iko kwenye rafu za maduka yetu. Bidhaa nyingi zimetengenezwa kwa nywele za kipilipili, na kwa nywele hizo ni nzuri sana: zimejaa siagi za shea, mafuta ya mnyonyo na asali. Kwenye singa nyembamba ni kama kumwagia kuku maji. Povu linalouzwa kwa ajili ya kulaza misuko linaweza kukufaa, lakini soma kopo kwanza. Ukiona mafuta kwenye majina matano ya mwanzo, liache. Ukiona "VP/VA Copolymer" au "Polyquaternium-11" karibu na juu, hilo ndilo la kushika umbo.

Namba tatu: draya

Kama unayo, usinunue nyingine. Kama huna, tafuta yenye kitufe cha hewa baridi na ule mdomo bapa wa kuelekeza upepo. Kitufe cha baridi kwangu ni muhimu kuliko wati, kwa sababu ndicho kinachogandisha umbo. Inamisha kichwa, kausha mashina kwanza na ncha mwisho.

Halafu angalia volti. Wifi yangu aliniletea draya nzuri kutoka Marekani, nikaichomeka kwa adapta, ikanguruma kama pikipiki, ikanuka plastiki, na ndani ya sekunde chache ilikuwa moshi mtupu. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu Tanzania ni 230 na Kenya 240. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti haizigusi. Ndugu aliyeko Oman ndiye wa kumtuma: umeme wao ni volti 240 na plagi zao ni za vichwa vitatu bapa kama hizi zetu.

Namba nne: shampuu kavu, au unga wa jikoni

Hii hunyonya mafuta bila kuosha kwa maji, na ni ya siku ya pili, mafuta yakishaanza kuteremka. Makopo ya kupuliza ni ghali, na Oktoba 2022 kampuni ya Unilever iliondoa sokoni Marekani baadhi ya shampuu kavu za kupuliza kwa hofu ya benzini, kemikali inayoweza kuleta saratani. Mimi nimerudi kwenye wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kufanya supu iwe nzito. Chovya brashi ya poda, kung'uta, gusa mashina usiku kabla ya kulala. Nywele nyeusi hubaki na mvi za uongo, kwa hiyo changanya na kakao kidogo. Utanuka keki mpaka asubuhi.

Tano na sita, kwa haraka

Supreyi ya kugandisha ni ya harusi. Ipulize kwa mbali, chini ya mashina na si juu, na usiitegemee masika. Nywele za kuchomeka kwa vibanio nazo naziweka mkiani: ni nzito, vibanio huteleza kwenye singa, na ukizivaa kila siku zinavuta mashina uliyokuwa unayaonea huruma.

Vya kuacha

Seramu za kung'arisha na krimu zote zenye neno "unyevu" mbele. Kondishena itie kuanzia masikioni kwenda chini tu. Na mafuta ya nazi, bibi anisamehe: si mabaya, hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, lakini yatumie saa moja kabla ya kuosha, tena nchani. Yakipakwa utosini asubuhi, rola zote tatu zimefanya kazi bure.

Umebaki ushungi, na wengi wetu tunavaa. Ukifunga nywele mbichi, zinakaukia umbo la ushungi, bapa kabisa, na hakuna povu litakaloziinua tena mpaka uoshe upya. Kwa hiyo zikauke kwanza. Kisha zikusanye zote utosini, zizungushe kifundo kilegevu, uzibane kwa mpira uliofunikwa kitambaa laini, ndipo uvae kofia ya ndani, isiyobana. Jioni ukifika nyumbani, fungua ukiwa umeinamisha kichwa na upitishe vidole kwenye mashina. Kitana kiache mpaka umefika mbele ya kioo.