Timo Boll ALC baada ya miezi minane: ubao mtamu ila sio wa kila mtu

Niseme ukweli tu, ubao huu wa raketi ya tenisi ya meza (ile sehemu ya mti inayobandikwa raba) niliununua kwa sababu ya jina. Mimi mashoto, Timo Boll mashoto, nikajiona tumeshaelewana. Ubao wenyewe haujui kushoto wala kulia, najua, lakini ushabiki hauna dawa.

Huyu Mjerumani alishika namba 1 duniani 2003, halafu akaja kuishika tena 2018 wakati wenzake wa rika lake wengi washatundika raketi. Olimpiki saba, kuanzia 2000 mpaka Paris 2024. Na katikati hapo mchezo wenyewe ulikuwa unambadilikia kila saa, mpira ukakua kutoka milimita 38 kwenda 40, seti ikashuka kutoka pointi 21 hadi 11, 2008 zile gundi za kubandikia raba zenye kemikali kali zikapigwa marufuku, 2014 ukaja mpira wa plastiki, na jamaa bado alikuwepo tu. Kombe la Dunia la 2005 aliwapiga Wachina Wang Liqin, Ma Lin na Wang Hao kwenye mashindano hayohayo, sio mchezo ati.

Haya, ubao. Ni tabaka saba, tano za mti na mbili za nyuzi za arylate (aina ya nyuzi za kiwandani) na kaboni, ndiyo hiyo ALC, zilizolala chini tu ya mti wa juu. Ukipiga taratibu unaona kama mti mtupu, mpira unatulia kidogo kwenye raba kabla ya kuondoka, lakini vuta topspini ya nguvu, lile pigo la kuuzungusha mpira kwenda mbele, ndio kaboni inaamka na mpira unatoka kama umetumwa. Mbali na meza hapo ndipo nilipoupenda zaidi, huhitaji kujirusha mwili mzima.

Shida ni mipira mifupi. Wiki tatu za mwanzo kila nikipokea sevu mpira unaruka juu ya wavu, mwenzangu anaupondaponda anavyotaka. Nikarudi kuangalia video za Boll, nikaona mkono wake umelegea kabisa, kazi yote inafanywa na kiganja, mimi nilikuwa nimeukaba mpini kama jembe. Nilipolegeza, mambo yakaanza kukaa sawa. Kwa hiyo kama ndo unaanza kujifunza, achana nao kwanza, chukua ubao wa mti mtupu usio na haraka.

Malalamiko mawili. Aliyeniuzia alisema gramu 86, nikapima nyumbani 91, kwa hiyo pimisha kabla hujalipa maana hizi mbao hazilingani uzito. La pili ni kosa langu, sikupaka vanishi, siku ya kubanduwa raba nikang'oa na kipande cha mti pembeni, roho iliuma.

Halafu kuna hili. Mashindano ya dunia Shanghai 2005, Boll yuko na pointi ya kumaliza mechi, mwamuzi anampa, yeye mwenyewe anasema hapana, mpira wa mpinzani wake Liu Guozheng umegusa ukingo wa meza, kwa hiyo pointi ni ya Liu. Mechi ikaendelea na akafungwa. Sasa juzi tuko 10-10, mpira wa mwenzangu ukakwaruza ukingo upande wangu, nikakausha kama sijaona. Hakubishana hata kidogo, akanyooshea kidole jina lililoandikwa kwenye raketi yangu. Nikampa pointi yake.