Soketi ya plagi ya sumaku yenye shingo ya kukunja, nimeijaribia kwenye Harrier V6

Wenye Harrier za V6, zile za 3.0 injini 1MZ, hii inawahusu sana, na wenye Kluger na Alphard za injini hiyohiyo pia someni. Nimenunua seti ya soketi ya kufungulia plagi za injini (zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta) Kariakoo kwa elfu 48, ndani kuna soketi ya 16mm yenye sumaku, shingo yake inakunja humohumo, kuna ekstensheni 2 za kurefushia na racheti ndogo, yaani mpini wa kuzungushia soketi kwa kwenda na kurudi, na Jumamosi nzima nimeshinda nayo hapa nyumbani Mbezi nimeinamia boneti kwa hiyo naongelea kitu nilichokishika kwa mikono yangu.

Kwanza niseme kwa nini nilinunua. Gari langu la 2001 lilianza kumisi, yaani injini inakatakata, nikapeleka gereji, fundi akasikiliza akasema plagi zimechoka. Sawa, nikanunua plagi 6 za iridiamu kwa hela yangu nikamkabidhi mkononi nikaenda kazini, jioni narudi ananiambia "bosi zote sita mpya hizo, wewe tembea tu". Nikalipa ufundi wa plagi 6. Haikupita muda tukasafiri kwenda Mbeya, tunapandisha mlima Kitonga gari limejaa watu na mizigo likaanza kutetemeka na kudundadunda, nakanyaga mafuta halivuti, nyuma yangu lori linapiga honi, watoto wamenyamaza kimya. Ile safari sijaisahau mpaka leo.

Sasa kwa asiyejua, hii injini imekaa kwa upana wa gari. Silinda 2, 4 na 6 ziko mbele, ukifungua boneti unazikuta hapo, unafungua bolti ya koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwa spana namba 10, unang'oa koili, unatoa plagi, dakika 20 umemaliza zote. Silinda 1, 3 na 5 ziko nyuma, zimebanana na ule ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, halafu juu yake imepita menifodi, lile bomba kubwa la kuingiza hewa kwenye injini. Huko macho hayafiki, unafanya kwa kupapasa. Ndiyo maana mafundi wengi hawazipendi, ama wanakuambia lazima menifodi ishuke na gasketi mpya na bei inapanda, ama wanafanya kama alivyonifanyia huyu.

Maana nilipotoa za mbele nikakuta mpya kabisa, kaure nyeupe pee. Nikaingia nyuma, ya kwanza kutoka ni plagi ya kawaida, sio iridiamu, ncha imelika imekuwa mviringo, kaure ina mstari wa kutu, na nafasi ya cheche nilipopima ilikuwa imeachana mbali na ile 1.1mm inayotakiwa. Ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Iliniuma jamani. Plagi zangu 3 zimeenda wapi sijui, ila mimi nilipandisha Kitonga na wanangu kwa plagi za zamani huku nimelipia mpya.

Turudi kwenye soketi yenyewe. Sumaku yake ndiyo iliyonifanya niipende. Soketi za zamani zina mpira ndani wa kushika plagi, ule mpira ukichoka plagi inadondoka, na ukiwa bado mpya kabisa unang'ang'ania mpaka unavuta ekstensheni inatoka peke yake, soketi imebaki chini shimoni, na kwa silinda za nyuma hapo umepoteza nusu siku. Hii inashika plagi vizuri na ukishafunga inaachia bila ugomvi. Na ule mkunjo unasaidia kweli, unaingia umepinda pale ambapo ekstensheni iliyonyooka inagonga menifodi. Mimi nilitoa waipa na ile kava ya plastiki chini ya kioo nikapata nafasi ya kutosha, menifodi sikuigusa. Ya katikati ndiyo ilinitesa, karibu saa nzima kwa plagi moja, mkono umechubuka mpaka kwenye kiwiko.

Kasoro zipo na nazisema. Shingo imelegea mno, ukiielekeza chini soketi inalala pembeni kama imevunjika, haitaki kuingia shimoni. Nilizungushia teipu ya umeme mizunguko mitatu hivi ikawa ngumu kiasi, inakunja ukilazimisha tu, hapo ndo ikawa zana. Kingine ni racheti waliyoweka, ina meno 24 maana yake kila mlio lazima mkono uende digrii 15, na kule nyuma hizo digrii 15 hazipo. Nikaazima ya jirani yangu mzee mmoja fundi mstaafu, ya meno 72, hiyo inataka digrii 5 tu, kazi ikaenda. Kwa hiyo ukinunua seti hii hesabu na racheti nyingine.

Ukiamua kufanya mwenyewe, injini iwe baridi kabisa maana hedi, kile kichwa cha injini, ni aluminiamu na ukifungua ya moto unaweza kung'oa nyuzi za skrubu za shimo la plagi. Puliza mashimo kwa upepo kabla ya kutoa plagi, mchanga ukidondokea kwenye silinda ni balaa. Plagi mpya anza kuifunga kwa vidole, mimi kule nyuma nilichomeka kipande cha mpira wa mafuta kwenye kichwa cha plagi nikawa nazungusha huo mpira, ikikataa kidogo tu mpira unateleza kwa hiyo huwezi kuharibu nyuzi. Kukaza mwisho ni nyutoni mita 18, kama huna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, basi ikishagusa kwa vidole ongeza nusu mzunguko, usizidishe. Na vile vimdomo vya plastiki vya waya wa koili kwenye magari ya umri huu vimekauka, kimoja kilinikatikia mkononi ikabidi nikifunge kwa zipu ya plastiki ya kufungia waya, nenda navyo polepole.

Niliwasha gari saa 12 jioni. Kimya, limetulia, kiberiti ningekisimamisha juu ya injini kisingeanguka.

Naipa nyota 4 kati ya 5, ya tano nimeizuia kwa sababu ya hiyo shingo na racheti. Zile plagi 3 za zamani nimezifunga kwenye gazeti, Jumatatu nazipeleka pale gereji nikaziweke mezani kwa fundi nimuulize zangu ziko wapi.