London bila kiingilio: wapi panastahili muda wako

Neno "bure" likitajwa London si chambo. Tangu Desemba 2001 makumbusho ya taifa hayatozi kiingilio kwa anayetaka kuona vitu vyao vya kudumu, na mgeni huingia kwa masharti yaleyale ya mwenyeji. Unachotoa ni muda. Asiyejua siku, saa na mlango humaliza mchana kwenye foleni, kisha hurudi hotelini akiulaumu mji.

Mambo mawili kabla ya kuanza kuzunguka. Maonyesho maalumu ya muda yana tiketi zake za kulipia, na ndiyo huwa na mabango makubwa zaidi getini. Ukifuata bango utaishia kwenye dirisha la malipo. Ulizia mikusanyo ya kudumu. Pili, tiketi za bure huandikwa kwa saa za Kizungu. 11:00 ni saa 5 asubuhi, na 17:00 ndiyo saa 11 jioni. Kwa aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, hapo ndipo nafasi hupotea.

British Museum ipewe asubuhi nzima, wala si zaidi. Hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, isipokuwa Ijumaa inapofika saa 2 na nusu usiku. Weka nafasi ya bure mtandaoni; unaweza kuingia bila hiyo, lakini siku za likizo za shule mwenye tiketi ndiye hutangulizwa. Ukurasa wa tiketi hukuuliza kama ungependa kuchangia. Ni hiari, sawa na masanduku ya michango yaliyopo ndani yanayopendekeza pauni 5. Mabegi hukaguliwa mlangoni, na hapo ndipo foleni huzaliwa. Sanduku kubwa la magurudumu halipiti kabisa, kwa hiyo usiende moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Lango la mbele lipo Great Russell Street. La nyuma, Montague Place, mara nyingi lina watu wachache.

Wengi hukimbilia Jiwe la Rosetta, jiwe la kale la Misri lililo chumba namba 4, na huishia kuona migongo ya watu na mwako wa simu kwenye kioo. Afadhali upite chumba namba 1, ng'ambo ya ukumbi mkuu. Humo mna nakala yake isiyo na kioo, na unaruhusiwa kuigusa: pitisha kidole kwenye maandishi uhisi michoro ya Kimisri juu, mwandiko wa kawaida wa Kimisri katikati na Kigiriki chini. Asili ni ya kuonwa saa ya kwanza baada ya kufunguliwa, au Ijumaa usiku.

Chumba tunachokipa alama za juu ni namba 25, kilicho chini, cha Afrika. Wageni wengi hawakifiki kwa sababu ngazi zake zimejificha nyuma ya chumba namba 24. Shuka. Utakuta mabamba ya shaba ya Benin, ufalme wa kale ulio Nigeria ya leo, yaliyotwaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897, yametundikwa kwa safu kwenye nguzo za chuma kama kurasa zilizochanuliwa. Karibu yake kuna kiti cha enzi kilichoundwa kwa bunduki zilizosalimishwa Msumbiji baada ya vita, kazi ya msanii Kester ya mwaka 2001. Kitazame kwa karibu: mitutu imekuwa miguu, na vitako vya bunduki vimekuwa mgongo wa kiti. Ukumbi huu peke yake unahalalisha safari, hata kama mjadala wa nani anastahili kuvimiliki vitu hivi haujaisha.

Mandhari ya juu ndiyo yanayohitaji mpango wa mapema kuliko yote. Sky Garden, ghorofa ya 35 ya jengo la 20 Fenchurch Street, haina malipo, ila tiketi zake hutolewa kila Jumatatu kwa siku za hadi wiki 3 mbele, na za jioni za Jumamosi na Jumapili huisha haraka. Kwa hiyo anayeanza kutafuta akiwa tayari London amechelewa. Ajaribu asubuhi ya siku ya kazi. Beba kitambulisho chenye jina lililo kwenye tiketi na utarajie ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Kasoro yake ni fremu nene za chuma za paa la kioo, zinazokatiza picha, na taa za ndani zinazorudi kwenye kioo usiku. Dawa ni kubandika simu kwenye kioo au kutoka kwenye roshani ya upande wa mto, kama hali ya hewa imeruhusu kufunguliwa. Kutoka hapo jengo la Shard liko mbele yako, jambo ambalo aliyelipa kupanda Shard yenyewe halipati.

Horizon 22, ghorofa ya 58 ya 22 Bishopsgate, iko juu zaidi. Ilifunguliwa Septemba 2023, nayo ni ya bure kwa kuweka nafasi. Ni chumba cha vioo vitupu, bila bustani na bila upepo. Anayetaka picha safi achague hii. Ukikosa zote mbili, The Garden at 120 iko mtaa uleule wa Fenchurch, ghorofa ya 15, na haihitaji nafasi. Iko wazi, maua yapo, na majengo marefu yanakuzunguka badala ya kuwa chini yako. Si sawa na zile mbili, lakini kwa anayeamka bila mpango ndiyo mkombozi.

Mtaa wa South Kensington ni wa siku ya mvua. Kutoka kituo cha treni kuna njia ya chini ya ardhi inayokufikisha kwenye makumbusho matatu. Natural History, makumbusho ya viumbe na maumbile, hufungwa saa 12 kasoro dakika 10 jioni, na mwisho wa kuingia ni saa 11 na nusu. Nyangumi wa buluu (mifupa yake tu) anayeninginia ukumbini, urefu wa mita 25.2, ametundikwa akiwa kama anazamia. Panda ghorofa ya kwanza umtazame usawa wa kichwa, maana kutoka chini unaona mbavu tu. Mlango mkuu ukijaa, jaribu ule wa Exhibition Road. Mwenye shauku ya mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi, ajue kwamba mifupa ile maarufu iko Berlin, na kule kuna kiingilio. Victoria and Albert (V&A), makumbusho ya sanaa na usanifu jirani yake, hufungwa saa 4 usiku siku ya Ijumaa. Usijaribu zote tatu kwa siku moja: miguu hukataa kabla ya macho.

National Gallery, jumba la picha za kuchora lililo Trafalgar Square, ndiyo rahisi kuliko zote kupenyeza katikati ya shughuli nyingine. Dakika 40 zinatosha kwa Van Gogh na jirani zake, na vyoo havilipiwi, jambo lenye thamani yake katikati ya mji huu. Ijumaa hufika saa 3 usiku.

Sherehe ya kubadilishana walinzi Buckingham Palace, kasri la mfalme, tungeiruka. Ni bure, lakini mwenye kutaka nafasi kwenye uzio huwahi saa nzima au zaidi, na mvua kubwa hufuta shughuli. Ukiamua kwenda, thibitisha siku kwenye ratiba rasmi, kwani si kila siku. Ziara za kutembezwa kwa miguu zinazotangazwa kuwa za bure nazo zina jina la kupotosha: kiongozi anaishi kwa bakshishi, na kuondoka mwishoni bila kutoa kitu ni kumdhulumu.

Kuna moja ambayo wageni wengi hawaijui. Makanisa ya Westminster Abbey na St Paul's hutoza kiingilio kikubwa kwa watalii, lakini anayekuja kusali halipi. Siku nyingi za juma kuna ibada ya jioni yenye kwaya, kwa kawaida saa 11. Angalia ratiba ya siku yako. Fika mapema kidogo, mwambie mhudumu wa mlangoni kwamba umekuja kwenye ibada, naye atakuonyesha pa kukaa. Hutaruhusiwa kupiga picha wala kuzurura kanisani, na inakupasa ukae hadi mwisho. Utasikia kwaya ikiimba chini ya dari ambalo wengine wamelilipia asubuhi ile.