Kipimo cha leza cha damu ya jino: hakiumizi, ila kinadai subira

Kwa muda mrefu nimepima uhai wa kiini cha jino, yaani tishu laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, kwa baridi na kwa umeme mdogo, ilhali vipimo hivyo huziuliza neva, na kinachokiweka kiini hai ni damu. Jino lililogongwa laweza kukaa bila kuhisi chochote kwa wiki kadhaa, hata miezi, huku damu ikiendelea kupita ndani yake, na daktari mwenye haraka akalitoboa bure. Ndiyo maana nilikipokea kwa hamu kipimo cha leza kinachofuata kanuni ya Doppler: mwanga hupenya enameli na dentini, yaani tabaka gumu la nje la jino na lile lililo chini yake, hugonga chembe nyekundu za damu zinazotembea, nao hurudi masafa ya mawimbi yake yakiwa yamebadilika kidogo, badiliko ambalo mashine hulihesabu kuwa mtiririko.

Sifa yake kubwa ni kwamba hakiumizi wala hakimtegemei mgonjwa kujieleza. Kwa mtoto ambaye ncha ya mzizi wa jino lake haijafunga, na neva zake hazijakomaa kiasi cha kujibu umeme kwa uhakika, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, siku za mwanzo kilinipa dalili nzuri za uhai kwenye jino nililokwisha kulitibu mzizi mwenyewe, yaani nililoliondoa kiini chake chote! Mwanga ulikuwa umesambaa hadi kwenye fizi, zenye damu tele, na mashine ikazisoma hizo. Tangu hapo sipimi bila kuzifunika fizi kwa pazia la mpira lisilopitisha mwanga, wala bila kishikizo kilichofinyangwa kwa umbo la meno ya mgonjwa ili ncha ya kifaa isisogee, milimita 2 hadi 3 kutoka ukingo wa fizi. Maandalizi hayo hula muda kuliko upimaji wenyewe. Tena, namba inayotolewa haina maana ikiwa peke yake; sharti ilinganishwe na jino la aina ileile la upande wa pili, lililo zima.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba jino lililopiga weusi kwa damu iliyovujia ndani humeza mwanga, na meno ya namna hiyo ndiyo hasa tunayoyatilia shaka baada ya ajali.

Kwa jino la mbele lililogongwa, linalopimwa tena na tena kwa wiki kadhaa, nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa gego lililovikwa taji la chuma, sikiwashi kabisa.