Takwimu za hoki ya barafu: anzia Natural Stat Trick

Mechi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, ya saa moja jioni Toronto, wakati wa baridi, huanza saa tisa usiku kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam. Wengi huamkia matokeo tu, na matokeo peke yake hudanganya. Tovuti inayofaa kufunguliwa kwanza asubuhi hiyo ni Natural Stat Trick: ya bure, haina mapambo, na kumbukumbu zake zinaanzia msimu wa 2007-08.

Kwenye ripoti ya mechi tafuta safu ya CF%. Hiyo ni asilimia ya timu katika Corsi, yaani kila shuti lililoelekezwa golini: lililoingia, lililookolewa, lililotoka nje na lililozuiwa njiani. Timu ikipiga 55 na wapinzani 45, CF% yake ni 55. Wengi hukosea kwa kuisoma wakiwa wamechanganya hali zote za mchezo. Timu yenye mchezaji kwenye adhabu hubaki wanne dhidi ya watano, lazima izidiwe. Chagua 5v5, yaani watano dhidi ya watano.

Kwenye majedwali ya timu nenda hatua moja zaidi, uchague hesabu iliyorekebishwa kwa matokeo na uwanja (nyumbani au ugenini). Timu inayoongoza kwa mabao mawili hurudi nyuma kulinda, na iliyo nyuma hupiga kutoka kila pembe. Bila marekebisho hayo, aliyefungwa ataonekana ndiye aliyetawala.

Kwa wachezaji, geuza jumla ziwe kiwango cha kila dakika 60, kisha weka kima cha chini cha dakika, tuseme 200. Ukisahau, kileleni atakaa kijana aliyecheza dakika nane. Itazame na PDO, yaani asilimia ya mashuti yaliyoingia ukijumlisha na ile ya kipa kuokoa. Wastani wake ni 1.000, yaani asilimia 100. Timu yenye 1.050 baada ya mechi 10 inabebwa na bahati, itashuka.

MoneyPuck inapendeza zaidi kwa macho, inafuatilia mechi ikiendelea, na data ya kila shuti unaipakua bure. Nguvu yake ni mabao tarajiwa, xG, yaani uwezekano wa kila shuti kuwa bao. Ila kumbukumbu rasmi za NHL haziandiki pasi. Pasi inayokatiza mbele ya goli na kumlazimisha kipa ateleze hadi mlingoti wa pili haihesabiki, ingawa ndiyo iliyotengeneza bao. Mashuti yaliyozuiwa nayo huandikwa pale yalipozuiwa, si yalipopigwa. Kila tovuti ina kanuni yake ya xG, kwa hiyo usichukue namba ya hapa ukailinganisha na ya kule.

NHL EDGE, tovuti ya takwimu ya ligi yenyewe iliyofunguliwa Oktoba 2023, ni nzuri kwa kasi ya kuteleza na ya mashuti, lakini haikuambii nani anaisaidia timu. Swali hilo Evolving-Hockey inalijibu vizuri zaidi, kwa kumtenganisha mchezaji na wenzake anaocheza nao. Ni ya kulipia. Lipa ukishazizoea hizo za bure.