Thunderbird: barua zinafika vizuri, hesabu ndiyo husumbua

Kwa programu ya bure ya barua pepe kwenye kompyuta, Thunderbird tunaipa nyota 4 kati ya 5. Nyota iliyokatwa ni ya ugonjwa mmoja: Inbox inaonyesha 3, ukifungua hukuti hata barua moja isiyosomwa.

Usiilaumu upesi. Ingia View, kisha Threads, uchague Unread. Mara nyingi barua zimejificha ndani ya mfululizo wa zamani uliokunjwa, au zina tarehe mbovu na zimezama chini kabisa ya orodha.

Zisipoonekana, faharasa (orodha ya yaliyomo kwenye folda) ndiyo yenye kosa. Kila folda ina faili lake la faharasa, la .msf, na hesabu hutunzwa humo. Umeme ukikatika programu ikiwa wazi, faili hilo linaweza kubaki na namba iliyopitwa. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, halafu Repair Folder. Kwenye IMAP (akaunti ambayo barua hubaki kwenye seva) vichwa vya barua hushushwa upya, kwa hiyo folda yenye barua 20,000 itakula bando.

Ikigoma, funga programu kabisa na ufute faili la .msf la folda hiyo kwenye wasifu wako (profile, folda ambamo Thunderbird huhifadhi data yako), litajengwa upya. Angalia vizuri: faili la jina hilohilo lisilo na .msf ndilo lenye barua zenyewe. Ukilifuta kwenye akaunti ya POP (inayoshusha barua kwenye kompyuta), na kwenye seva hazipo tena, basi zimekwenda.

Wenye Gmail, barua ya Inbox huhesabiwa pia kwenye All Mail. Hilo si kosa. Ondoa tiki ya All Mail kwenye Subscribe, orodha ya kuchagua folda zinazoonyeshwa.