Sufuria ya presha ya stima kwenye meza ya maabara: tathmini kutoka Nakuru

Sufuria ninayoizungumzia ni ile ya kawaida ya lita 6 inayotumia stima, yenye vitufe vya maharagwe, nyama na wali, ambayo maduka ya vyombo katikati ya jiji la Nakuru huipanga rafuni pamoja na blenda na birika. Sisi tuliinunua kwa kazi nyingine kabisa, yaani kufichua antijeni (sehemu za protini ambazo kingamwili hushika) kwenye slaidi za tishu kabla ya kuzipaka rangi kwa njia ya immunohistokemia, inayotumia kingamwili kuonyesha protini fulani ndani ya tishu. Imekaa mezani petu muda wa kutosha kumaliza mpira mmoja wa kifuniko, kwa hivyo naweza kuitolea maoni bila kuionea wala kuipendelea.

Formalini inapohifadhi tishu huzifunga protini kwa viungo vya kikemia, na viungo hivyo huzificha sehemu ambazo kingamwili inapaswa kushika. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake walionyesha kwamba slaidi zikipashwa joto kali ndani ya kiowevu, antijeni nyingi zilizokuwa zimefichika hurudi kuonekana. Tangu hapo maabara nyingi huchemsha slaidi ndani ya bafa, yaani kiowevu kisichobadilika pH kwa urahisi, ya sitrati ya pH 6.0 au ya Tris-EDTA ya pH 9.0, na maelekezo mengi yanayokuja na kingamwili hutaka nyuzi 95 hadi 100 kwa muda wa dakika 20 hivi.

Hapo ndipo Nakuru inapotutilia mchanga kwenye kitumbua. Jiji hili liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi. Mtu anayetumia chombo cha wazi anaweza kuongeza moto apendavyo, lakini kipimajoto hakitapanda. Kitakachoongezeka ni mapovu, na mapovu hayo ndiyo yanayoinua kingo za mkato wa tishu, yaani kipande chembamba kilichobandikwa kwenye slaidi, hadi ukabanduka kwenye kioo. Kisumu, kwa kuwa iko chini zaidi, hufika karibu nyuzi 96 na hivyo hugusa kiwango kinachotakiwa, ilhali Eldoret hali ni ngumu kuliko yetu. Kifuniko kinachoshika presha hulimaliza tatizo hili, kwani ndani yake bafa hupita nyuzi 110 hata katika mwinuko huu, na hutulia badala ya kutokota ovyo.

Matokeo tuliyapima kwa mikato ya tonsili ya maikromita 4, ambayo ni kipimo kizuri kwa sababu ndani yake mna seli zinazogawanyika na zisizogawanyika zikiwa jirani. Kwa kingamwili ya Ki-67, protini iliyomo kwenye viini vya seli zinazogawanyika, slaidi zilizochemshwa kwenye beseni la wazi zilionyesha viini vya rangi ya chai nyepesi, na mtu ilimbidi akodoe macho kwenye darubini ili aamue kama kiini fulani kinahesabika au la. Zilizotoka kwenye sufuria zilikuwa na viini vya kahawia iliyokolea katikati ya vituo vya uzalishaji wa limfosaiti, upande mmoja ukiwa umejaa na ule mwingine ukiwa haba kama inavyotarajiwa, huku seli za pembeni zikibaki na bluu safi ya hematoksilini. Kipokezi cha estrojeni kwenye tishu za titi nacho kilinufaika, jambo lenye uzito mkubwa, kwa kuwa matibabu ya mgonjwa huamuliwa kwa kuangalia viini hivyo. CD20, protini ya juu ya limfosaiti B, haikuonyesha tofauti ya kutajika. Ilikuwa ikipatikana vizuri hata awali.

Sasa kasoro. Sufuria haionyeshi joto lililomo ndani, hivyo unategemea dakika pekee, na dakika hizo huanza kuhesabiwa presha ikishapanda, si unapobonyeza kitufe. Stima ikikatika katikati ya kazi, na hapa kwetu hukatika, sufuria husahau ilipofikia na kukuacha ukikisia. Kwa maabara isiyo na jenereta ningependekeza ile ya kuweka juu ya jiko la gesi, ijapokuwa inahitaji mtu wa kuisimamia. Kasoro ya tatu ni chungu cha ndani: kile kinachokuja nayo ni alumini iliyopakwa dawa ya kuzuia chakula kushika, na sitrati ikipata mkwaruzo hapo huanza kuila alumini yenyewe. Dada aliyetuuzia, aliyekuwa ameanza kutueleza jinsi githeri inavyoiva upesi, alitutafutia chungu cha chuma kisichoshika kutu kinachoingia sawasawa, na kwa hilo duka lake linastahili sifa. Hata hivyo tunatia maji ya kawaida chunguni na kuziweka slaidi na bafa ndani ya kopo la plastiki linalohimili joto. Mnunuzi ajue pia kwamba dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye kasha ni ya matumizi ya nyumbani, nami sidhani kama fundi ataikubali akiambiwa kilichokuwa kikipikwa.

Jambo linaloharibu slaidi kuliko yote ni haraka ya kufungua. Ukiiachia presha kwa ghafla, bafa iliyokuwa imetulia huchemka yote kwa mkupuo, na tishu zenye mafuta kama za titi huondoka kwenye kioo vipande vipande. Sisi huiacha ishuke yenyewe, kisha tunaliacha kopo lipoe kwa dakika 20 likiwa na slaidi ndani yake, na mikato haikauki hata kidogo kuanzia hapo hadi mwisho wa kupaka rangi.

Kuna malalamiko ninayoyasikia kuhusu sufuria hizi ambayo, kwa maoni yangu, hayaihusu sufuria. Mkato ukichukuliwa kwa slaidi ya kawaida badala ya slaidi yenye chaji chanya, inayoushikilia mkato kwenye kioo, hautavumilia joto hili. Vivyo hivyo ukibaki na tone la maji chini yake kwa sababu slaidi haikusimamishwa ikachuruzika, au kwa sababu haikukaushwa vya kutosha, iwe saa moja kwenye nyuzi 60 au usiku kucha kwenye nyuzi 37. Nta ambayo tishu hugandishwa ndani yake ili ikatike isipotolewa yote kwa zailini, ambayo ni kiyeyusho, bafa haipenyi. Tena, tishu ya titi iliyokaa ndani ya formalini ya asilimia 10 yenye bafa kwa muda ulio chini ya saa 6 au unaozidi saa 72 iko nje ya muda unaokubalika kwa vipimo vya vipokezi vya homoni, na sampuli zinazosafirishwa siku ya Ijumaa kutoka hospitali za mbali zikapokewa wiki inayofuata ziko hatarini zaidi. Hakuna presha itakayorekebisha hayo. Isitoshe, zipo kingamwili zinazotaka kimeng'enya badala ya joto, na nyingine zisizotaka chochote, hivyo karatasi ya maelekezo isomwe kwanza.

Kwa maabara ya Nakuru au Eldoret isiyo na uwezo wa kununua mashine maalumu, ningesema inunueni, pamoja na chungu cha chuma na mpira wa akiba, kwa sababu mpira hulegea mapema na mvuke ukianza kuvuja pembeni presha haifiki. Aliye Kisumu na ana beseni la maji linalodhibitiwa vizuri hana sababu ya kukimbilia dukani. Popote itakapokuwa, iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwamba ni ya maabara tu, na isirudi jikoni hata ikistaafu.